Dawa za usingizi: "mwacheni alale" inaua

Nimeamua kuandika haya maana kazini nakutana na kitu kilekile, mtu kameza vidonge usiku, ndugu wakamwona anakoroma wakasema mwacheni alale, asubuhi ndo analetwa midomo imebadilika rangi.

Hizi dawa zinafanyaje kazi?

Zinatuliza ubongo, basi. Zinazoandikwa sana ni diazepam, lorazepam, nitrazepam, zolpidem na zopiclone. Shida ni kwamba ubongo huohuo ndo unaendesha pumzi zako, ukiutuliza kupita kiasi na pumzi nazo zinatulia.

Nikinywa na bia moja tu?

Hapana. Najua utasema ulishawahi na hukufa. Pombe na kidonge vyote vinapunguza pumzi, kwa hiyo hapo umejipiga mara mbili, na dozi ambayo peke yake isingekudhuru ndo inakulaza moja kwa moja. Hivyohivyo dawa kali za maumivu kama tramadol, kodeini na morphine, Wamarekani tangu 2016 wanalazimisha onyo la kuchanganya hizi na familia ya diazepam (lorazepam na nitrazepam zimo) liandikwe kwenye maelezo ya dawa zenyewe. Ukienda kwa daktari taja kila unachomeza, hata ya mafua, maana nyingine nazo zinaleta usingizi.

Kameza vingi au kachanganya na pombe, sasa kalala fofofo anakoroma. Si dawa itaisha yenyewe?

HAPANA. Msimwache alale. Mwite jina kwa sauti, mtikise bega. Haamki, au anafumbua macho nusu na kuzama tena, hiyo ni dharura, piga simu ya dharura au mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Kukoroma kule mnakokuona ni usingizi mzito mara nyingi ni ulimi umelegea unaziba njia ya hewa. Mlazeni ubavu, akitapika yasimrudie kooni, na mtu abaki pale anaangalia kifua kinapanda na kushuka. Pumzi zikikata, au akawa anatweta mara mojamoja, anayejua kukandamiza kifua na kupuliza pumzi aanze wakati msaada unakuja, asiyejua aulize palepale kwenye simu aelekezwe.

Lakini bado anapumua vizuri, tusubiri asubuhi?

Nimesema hapana! Dawa inaweza kuwa bado inaingia mwilini. Anayepumua vizuri saa nne usiku anaweza asiwe anapumua saa nane, na nyie wote mmelala. Hata kama anaongea kilevilevi, mpelekeni. Bebeni na pakiti za dawa, hata tupu, tena hasa tupu, ili tujue ni nini na vilikuwa vingapi.

Maziwa je? Kahawa? Tumtapishe?

Hapana, hapana, hapana. Mtu aliyelegea ukimmiminia kitu mdomoni kinaenda kwenye mapafu. Maziwa hayaondoi dawa kwenye damu, jamani. Na kama mnaona alimeza makusudi msianze kumgombeza pale, mleteni kwanza, na hapa tuambieni ukweli, hatutafuti wa kumlaumu.

Mimi natumia dozi ya daktari ila asubuhi kichwa kizito.

Hilo ni la kawaida kwa dawa hizi, ila usiendeshe gari hivyo. Diazepam inakaa mwilini siku kadhaa. Zolpidem inatoka haraka, lakini kwa wanawake inachelewa, ndo maana 2013 Marekani waliwapunguzia dozi kutoka miligramu 10 hadi 5. Ukiambiwa usiku uliamka ukapika au ukashika funguo za gari na wewe hukumbuki kitu, usimeze kingine, ongea na daktari.

Nimempa mama vyangu, naye halali.

Kwa nini?? Wazee dawa hizi zinawayumbisha, anaamka usiku kwenda chooni anaanguka nyonga inavunjika. Na kama ni mtu wa kukoroma huku pumzi zinakatika usingizini ndo hatari zaidi. Kidonge kimeandikwa jina lako, meza wewe.

Nimetumia miezi mingi, nataka kuacha leo.

Nia nzuri, ila usikate ghafla. Mwili uliozoea familia ya diazepam ukinyimwa siku moja unaweza kukuletea kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata degedege. Daktari atakupunguzia kidogokidogo kwa wiki kadhaa, wengine miezi. Usingizi utasumbua siku za mwanzo, huo ni mwili unadai dawa, usikimbilie kuongeza dozi. Kwa kawaida hizi dawa hazitakiwi kuzidi wiki 2 hadi 4, kwa hiyo kama unajazilishwa tu kila mwezi bila mtu kukuuliza kwa nini hulali, uliza wewe. Yapo mazoezi maalum ya kurekebisha usingizi bila dawa, na kwa asiyelala muda mrefu hayo ndo yanatakiwa yaanze kabla ya kidonge.