Ukubwa wa mota kwenye mashine ndogo ya kukereza chuma

Anayeuliza mota ya ukubwa gani inamfaa kwa kawaida hungoja kutajiwa wati: 370, 550 au 750. Hilo ni nusu ya jibu. Kinachokata chuma ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayofika kwenye spindeli (mhimili unaozungusha kipande kinachokatwa) mashine ikiwa katika mwendo wa polepole.

Chukua kipande cha chuma laini chenye kipenyo cha milimita 40. Ukikata kwa kina cha milimita 1, kisu kikisogea milimita 0.1 kwa kila mzunguko, kisu hubeba mzigo wa takriban nyutoni 200. Spindeli inahitaji torki ya nyutoni-mita 4, na kwa mizunguko 200 kwa dakika kazi hiyo hula wati 85 hivi tu. Sasa funga sahani ya milimita 100, mkato uleule. Wati hazibadiliki, kwani ili kasi ya kukata ibaki ileile mashine itazunguka mara 80 tu kwa dakika, lakini torki imepanda hadi 10. Hapo ndipo mota hunguruma na kukwama.

Mota ya wati 550 inayozunguka mara 1,400 kwa dakika haifikishi hata nyutoni-mita 4. Ukiweka puli ya spindeli kubwa mara nne kuliko ya mota, kasi inashuka hadi 350 na torki inapanda hadi karibu 15, kabla ya kutoa kinachopotea kwenye mkanda. Kasi hiyohiyo ukiipata kwa inveta (kifaa cha umeme kinachobadilisha kasi ya mota) peke yake, torki haiongezeki, na feni ya mota nayo inazunguka taratibu, kwa hiyo mota inachemka. Inveta ni nzuri sana kwa kurekebisha mwendo kidogo kidogo, ila nakusihi usizing'oe puli za ngazi, zile zenye vipenyo kadhaa vya kuhamishia mkanda.

Kwa mashine ya mezani inayopokea kipenyo cha hadi milimita 180, wati 370 hadi 550 zinatosha. Ya milimita 250, weka 750. Ukizidisha sana, kitanda chepesi, yaani fremu inayobeba mashine, kitaanza kutetemeka kabla mota haijatumia nguvu zake, na kisu kikinasa, kitakachovunjika ni gia. Mkanda usiukaze kupita kiasi: afadhali uteleze.

Unaponunua mota iliyotumika, soma kibandiko chake. Mota za mashine za mazoezi ya kukimbia mara nyingi huandikwa nguvu ya kilele. Unayoitaka ni ile ya kudumu.