Michezo iliyorekebishwa kwa watoto wasioona: maana yake

Siku Mbeya City inacheza Uwanja wa Sokoine, aliyekaa ubavuni mwako akikuambia kitu humsikii. Sasa kuna mchezo ambao shabiki akipiga kelele mpira ukiwa unabiringika, amewaharibia wachezaji wote. Kabla ya mrusho mwamuzi anaomba ukimya, na ukumbi mzima unatii. Unaitwa mpira wa goli, na ukiuelewa huo umeielewa michezo iliyorekebishwa.

Kinachorekebishwa ni mchezo. Mtoto anabaki alivyo. Unatazama macho yanafanya kazi gani uwanjani, kisha kazi hiyo unaikabidhi sikio, kiganja au unyayo. Kumkalisha mtoto asiyeona pembeni ashike masweta ya wenzake, halafu tukaandika kwamba naye alishiriki, hakumo kabisa katika maana hii.

Mpira wa goli ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Pili, na tangu 1976 unashindaniwa medali kwenye Paralimpiki. Wanacheza watatu kwa watatu, uwanja wa mita 18 kwa 9, na goli limechukua upana wote wa uwanja. Mpira una kilo 1.25 na njuga ndani yake. Mmoja anaurusha ukibiringika, wa upande wa pili wanausikiliza, wanajitupa chini kwa ubavu na kuuziba njia kwa mwili. Mchezaji atajuaje alipo? Chini ya utepe wa kila mstari imepitishwa kamba, anaipapasa kwa mkono au mguu.

Wote hufunikwa macho, na hapa wazazi wengi hushangaa: kwa nini umfunike ambaye tayari haoni? Kwa sababu wengi tunaowaita wasioona wana uoni hafifu. Mtoto mwenye ualbino, kwa mfano, mara nyingi anauona mpira kwa mbali kama kivuli, na kivuli hicho kinatosha kumpunja mwenzake aliye gizani. (Huyo huyo akitoka kucheza nje apewe kofia pana na mikono mirefu. Baridi ya Mbeya hudanganya. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi jua linachoma vilevile.)

Riadha marekebisho yake ni machache: mkimbiaji na kiongozi wake wanashika kamba fupi, na kiongozi haruhusiwi kumvuta.

Shule isiyo na mpira wa njuga inaweza kuanza na mpira wa kawaida uliofungwa kwenye nailoni ya mkate, unachakarika ukibiringika. Ni mwepesi mno kwa mechi ya kweli, lakini sikio linajifunza. Shida ni ukumbi. Mvua ya Rungwe ikianza kupiga mabati, mchezo unasimama, hata kama ndani hakuna tone lililovuja.