Kubusti gari bila kuunguza kontrol boksi

Magari mengi yanayoletwa kwangu na kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, iliyoungua yana kisa kimoja. Betri ililala, jirani akachomoa ya kwake, ikafungwa, gari likawaka, halafu betri zikabadilishwa injini ikiwa inaunguruma. Enzi za kabureta mchezo huo ulivumilika. Siku hizi alternata, yaani mashine ya kuchaji betri, ikinyang'anywa betri ghafla, volti hupanda mno kwa kitambo kidogo, na mzigo wote huangukia kompyuta hiyo.

Badala ya kubadilisha betri, tumia waya za kubusti, yaani za kuazima umeme wa betri ya gari jingine, tena nene. Stata ya gari dogo hula zaidi ya ampea 100, na zile nyepesi zinazouzwa kwenye foleni mara nyingi ni plastiki nene yenye shaba kiduchu. Zikichoma mkono baada ya stata moja, zitupe.

Betri ikiwa imevimba au kupasuka, usiibusti kabisa. Vilevile usikubali Fuso ya volti 24 ikubusti Vitz yako ya volti 12, hata kama dereva wake ni shemeji.

Magari yasigusane, zima yote mawili, pamoja na taa, redio na AC. Waya nyekundu ianzie chanya ya betri iliyolala, iende chanya ya betri nzima. Nyeusi ianzie hasi ya nzima, na kibanio cha mwisho kibane chuma kitupu kwenye injini ya gari bovu, mbali na betri. Hapo ndipo wateja hunibishia: "Mbona nikibana kwenye hasi yake linawaka tu, fundi?" Linawaka, ndiyo. Lakini kibanio cha mwisho ndicho hutoa cheche, na betri hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Wewe umeinama juu yake, na ndani mna asidi. Boliti isiyo na rangi au brakti ya injini inatosha.

Washa gari zima, liache dakika tano hivi, ndipo upige stata kwenye bovu. Likiwaka, chomoa kwa kurudi nyuma, nyeusi ya kwenye injini kwanza.

Kisha pima betri injini ikiwa inawaka. Ukiona kati ya volti 13.8 na 14.5, alternata inachaji; ipeleke betri ikachajiwe kwa chaja, maana safari ya kwenda sokoni haitaijaza. Ukiona 12 na kushuka, usikimbilie kununua betri mpya. Alternata ndiyo ya kufunguliwa kwanza.