Dawa ya meno haiondoi mikwaruzo ya kioo cha gari

Eti paka dawa ya meno kwenye kioo cha mbele, sugua, mkwaruzo utaisha. Hauishi. Chokaa iliyomo kwenye dawa nyingi za meno ni laini kuliko kioo. Inang'oa uchafu na mafuta tu, nawe unadhani mkwaruzo umepungua. Kinachosaidia ni unga wa oksidi ya seriamu, ule wa kung'arishia vioo, uliokorogwa na maji ukawa kama uji, ukasuguliwa kwa pedi ya sufi huku kioo kikiloweshwa kisishike moto kikapasuka. Lakini kwanza pitisha ukucha. Ukinasa, acha: ukilazimisha utachimba kibonde kinachopotosha taswira ya barabara, na taa za usiku zitakukera kuliko mkwaruzo wenyewe. Waipa zilizolika mpira zibadilishe, ndizo zinazochora ile mistari ya upinde.