Kuvu Nayo Huugua: Maswali na Majibu Kuhusu Virusi vya Kuvu

Mkazi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hukutana na kuvu kila siku: uyoga unaookotwa miomboni mvua zikianza, ukungu kwenye mahindi, hamira inayochachusha ulanzi, na fangasi wa ngozi. Maswali yafuatayo yanahusu virusi vinavyoishi ndani ya viumbe hao.

Je, ni kweli kwamba kuvu hushambuliwa na virusi?

Ni kweli. Mwaka 1948 wakulima wa uyoga huko Pennsylvania, Marekani, waliona mazao yao yakidumaa na kupinda, na mwaka 1962 chembe za virusi zikatambuliwa ndani ya uyoga wa kulimwa. Tofauti na virusi vya mafua, vingi vya virusi hivi havitoki nje ya seli kutafuta mwenyeji mpya. Hurithishwa kupitia vijimbegu, au hupita pale nyuzi za kuvu mbili zinapokutana na kuungana.

Huifanya nini kuvu?

Mara nyingi, hakuna kinachoonekana. Hata hivyo, baadhi hudumaza mavuno, kama ilivyotokea kwa wakulima wa uyoga wa mamama nchini Korea Kusini. Vingine humnufaisha mwenyeji: hamira yenye virusi vya aina fulani hutoa sumu inayoua hamira nyingine zinazogombea sukari ileile, huku yenyewe ikiwa na kinga dhidi ya sumu hiyo.

Nikila uyoga wenye virusi hivyo, nitaugua?

Hakuna ugonjwa wa binadamu unaojulikana kusababishwa na kula virusi hivyo. Hatari ya uyoga wa kuokota ni kukosea aina, kwa kuwa sumu ya baadhi ya uyoga haiondoki hata ukichemshwa kwa muda mrefu.

Basi kwa nini wahudumu wa afya wavijali?

Kwa sababu virusi vinaweza kubadili ukali wa kuvu inayomshambulia mtu. Iko kuvu iitwayo Talaromyces marneffei, inayopatikana Asia ya Kusini-Mashariki na kuwadhuru hasa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka. Watafiti walipoilinganisha ile yenye virusi na ile isiyo navyo, panya walioambukizwa yenye virusi walikufa kwa wingi zaidi. Aspergillus fumigatus, inayoshambulia mapafu, nayo imeonyesha jambo kama hilo kwa baadhi ya virusi vyake. Kuvu hiyo ya Asia si tatizo la hospitali zetu, lakini Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu ni ugonjwa unaofahamika vizuri kwa wanaowahudumia wagonjwa hao. Anayeishi na VVU akipata maumivu ya kichwa yasiyokoma pamoja na homa, awahi hospitali bila kusubiri.

Je, virusi hivi vinaweza kutibu fangasi au kuzuia sumukuvu?

Kwa fangasi wa binadamu, bado hakuna tiba ya namna hiyo, na anayeuziwa dawa kwa madai hayo anadanganywa. Kwa mimea, ipo mifano. Barani Ulaya, virusi vimetumika kuidhoofisha kuvu inayoua miti ya chesnati. Huko Marekani mbinu hiyohiyo haikufua dafu, kwa kuwa kuvu za huko ni za koo nyingi zinazokataa kuungana nyuzi, na virusi vikakosa njia ya kupita.

Kuhusu sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu kwenye mazao, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, bidhaa ya kuidhibiti iitwayo Aflasafe, iliyoidhinishwa nchini, si virusi, bali ni kuvu isiyotoa sumu inayotangulia kulikalia shamba. Kwa mkulima wa Rungwe au Mufindi, ambako ukungu wa angani hulea ukungu wa ghalani (lugha yetu imeviita kwa jina moja), kazi kubwa ni kuanika mahindi juu ya turubai badala ya udongo, kuyakausha hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kuchambua punje zilizooza au kubadilika rangi kabla ya kusaga, maana moto wa kusongea ugali hauiondoi sumu hiyo.