Mwalimu wa chekechea Kenya haajiriwi na TSC
Kwa kuwa darasa la PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) mara nyingi liko ndani ya ua wa shule ya msingi, wazazi wengi huamini TSC, yaani Tume ya Huduma kwa Walimu, ndiyo humlipa mwalimu wake. Sivyo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizipa kaunti elimu ya chekechea na vituo vya malezi. TSC humsajili mwalimu, kaunti humwajiri. Hata fedha za elimu ya msingi bila malipo huanzia Gredi ya 1, hivyo mwalimu mkuu hana fungu la viti vya PP1. Malalamiko mengi hufia hapo ofisini kwake, inasikitisha. Mwandikieni msimamizi wa wadi, nakala kwa MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti), mapema kabla ya Aprili 30, makadirio ya bajeti yanapofikishwa bunge la kaunti. Tajeni shule, idadi ya watoto na viti vinavyokosekana.