Gories, bendi isiyo na besi

Mimi ni mchanganya sauti studio, na vijana wengi wanaokuja kurekodi huanza na ombi lilelile: "Kaka, niongezee besi." Juzi nilimpigia mmoja wao santuri ya Gories. Akasikiliza nyimbo mbili, kisha akaniambia kwa upole kwamba spika zangu zimekufa.

Spika nzima kabisa. Gories hawakuwa na gitaa la besi. Walianza mwaka 1986 katika jiji la Detroit, Marekani, watu watatu tu: Mick Collins na Dan Kroha wakipiga magitaa na kuimba, Peggy O'Neill kwenye ngoma. Peggy hakuwa mpiga ngoma kabla ya bendi hiyo, na ngoma zake hazikuwa na matoazi.

Hapo ndipo penye utamu kwa mtu wa kazi yangu. Besi hushika sauti za chini, matoazi hutawanya zile kali za juu. Ukiviondoa vyote viwili unabaki na katikati peke yake, pale koo la mwanadamu na gitaa vinapogombea nafasi. Ndiyo maana Collins anasikika kama amekuinamia sikioni. Gitaa moja linang'ang'ania kipande kifupi kwenye nyuzi nene, la pili linakuja kulijibu kwa kukwaruza, na chini yao ngoma inatwangwa tu, kama kinu. Wanaiita panki ya gereji, yaani roki mbichi isiyopigwa msasa, sawa, lakini sauti inayoimba pale imelelewa na soul, muziki wa Wamarekani weusi. Collins, Mmarekani mweusi, alikulia nyumba yenye santuri za muziki huo, katika jiji la Motown yenyewe, kampuni ya santuri za soul iliyoanzishwa hapo mwaka 1959 na kuhamia Los Angeles mwaka 1972.

Ila ukitaka kuwaelewa, rudi nyuma zaidi ya Motown. Mwaka 1948 John Lee Hooker, mwanamuziki wa blues, alirekodi "Boogie Chillen" hapohapo Detroit: mtu mmoja, gitaa moja, na mguu unaopiga sakafu. Gories waliurudia wimbo huo kwenye albamu yao ya kwanza, Houserockin', ya mwaka 1989. Sikiliza ngoma za Peggy baada ya kumsikiliza Hooker. Ni ule mguu. (Wapiga ngoma wenye vyeti hukasirika nikisema hivi. Wakasirike.)

Kupanda kwao kulikuwa kwa wastani, na hakukuwa na utajiri. Albamu ya pili, mwaka 1990, ilisimamiwa na Alex Chilton, aliyekuwa mwimbaji wa bendi za Box Tops na Big Star, ikatolewa na lebo ya Kifaransa, New Rose. Ya tatu, Outta Here, ikafuata mwaka 1992. Mwaka 1993 bendi haikuwepo tena, watu wenyewe wamechokana.

Bendi zetu za dansi zina bahati ya wingi. Msondo imebadili majina tangu ikiitwa NUTA Jazz mwaka 1964, wanamuziki wameondoka, wamerudi, wamekufa, na muziki unaendelea. Watatu ni mafiga. Ungemweka mpiga ngoma fundi mahali pa Peggy, angeleta matoazi yake na madoido yake, na ule uwazi wa katikati ungezibwa siku ya kwanza ya mazoezi.

Miaka michache baada ya Gories kuvunjika, bendi ya White Stripes, ya Detroit vilevile, ikauza mamilioni ya santuri kwa gitaa na ngoma, bila besi. Mpiga gitaa wake, Jack White, hajawahi kuficha kwamba aliwasikiliza Gories. Gories wenyewe walirudi jukwaani mwaka 2009, wakazunguka na bendi ya Oblivians ya Memphis.

Kroha aliendelea bila besi katika bendi ya Demolition Doll Rods. Collins naye akaunda Dirtbombs, na mwaka 2001 wakatoa Ultraglide in Black, karibu albamu nzima ya nyimbo za soul za watu wengine. Niliiweka hiyo baada ya Gories, bila kumwambia kijana wangu kwamba mwimbaji ni yuleyule, wala kwamba safari hii ana wapiga ngoma wawili na wapiga besi wawili.

Akainua kichwa. "Kaka, umeshazitengeneza?"